Ngozi, mwarobaini na dawa za Kihindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekuwa muuguzi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na tangu nistaafu ninakamua mafuta ya nazi na ya ufuta nyumbani, Mikindani. Wanaokuja kununua mafuta huja na ngozi zao pia. Mmoja hufunua mkono, mwingine hugeuza shingo, mwingine humvua mtoto fulana hapo hapo barazani, kisha huniuliza, "Shikamoo bibi, nipake nini?" Baada ya marahaba, nami humuuliza: hiki ni kitu gani? Maana mafuta yale yale yanayomtuliza mtoto mwenye pumu ya ngozi humzidishia mwenye mabaka ya fangasi. Haya ndiyo maswali yanayonijia zaidi, kutoka Mtwara mjini hadi Masasi, Lindi na Nachingwea.

Dawa za Ayurveda ni zipi, na zinahusianaje na dawa zetu?

Ayurveda ni elimu ya tiba ya Wahindi, yenye umri wa zaidi ya miaka 2000. Vitabu vyake vikuu vya kale ni Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vilivyoandikwa kwa Kisanskriti. Inafundisha kwamba mwili huendeshwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na maradhi huingia zinapopoteza mizani. Magonjwa ya ngozi huyaita kushtha, na Charaka ameyagawa mafungu 18: makubwa 7 na madogo 11. Daktari wa hospitali hapimi kwa mizani hiyo, nami sikufundishwa hivyo.

Lakini ukiacha nadharia ukaingia kwenye kapu la dawa, unajikuta nyumbani. Nimba yao ni mwarobaini. Haridra ni manjano. Tila ni ufuta, ambao Lindi inaulima kwa wingi kuliko mikoa mingi ya nchi hii, na mafuta yake ndiyo mafuta makuu ya kukandia mwili katika Ayurveda. Kumari ni mshubiri. Chandana ni liwa. Wafanyabiashara wa Kihindi wamefungua maduka Kilwa, Lindi na Mikindani tangu zamani za jahazi, na vitu vingi vya kwao viliingia jikoni na vyumbani mwetu mpaka tukasahau vilikotoka. Nakumbuka msio wa bibi yangu, jiwe lililochimbika katikati kwa kusugulia liwa. Alikuwa akidondosha maji matone mawili, anasugua kijiti polepole, kisha anatupaka ule uji mashavuni. Ng'ambo ya Ruvuma, wanawake wa Kimakua wana urembo wao wa uso mweupe kwa mti wao wa huko, nao husugua juu ya jiwe vivyo hivyo.

Mwarobaini unatibu magonjwa arobaini kweli?

Jina ni sifa, si hesabu. Ila mti wenyewe una nguvu, na siuonei haya kuutumia. Majani na mbegu zake zina viambato vinavyodhoofisha baadhi ya wadudu, bakteria na fangasi. Mwaka 1992 watafiti wa India walitoa taarifa ya watu 814 wenye upele, ule unaoletwa na mdudu wa ngozi, waliopakwa majani ya mwarobaini na manjano yaliyosagwa pamoja: asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Habari njema hiyo. Ila hapakuwa na kundi la pili la kulinganisha, kwa hiyo nausoma kama utafiti wa kutia moyo, na bado dawa ya upele ya hospitali naiweka mbele.

Mimi nautumia hivi. Nachuma majani mabichi viganja viwili, nayaosha vumbi, nachemsha kwenye maji lita mbili mpaka maji yawe ya kijani iliyoiva, naacha yapoe kabisa, nachuja kwa kitambaa safi. Maji hayo ni ya kuogea au kukandia ngozi inayowasha ambayo haijachubuka. Yatumike siku hiyo hiyo. Ya jana mwaga.

Usimnyweshe mtoto mafuta ya mwarobaini. Narudia: usimnyweshe. Kule Malaysia madaktari waliandika habari za watoto wachanga na wadogo walionyweshwa mafuta hayo kama dawa ya kikohozi na mafua, wakapata degedege, ini na ubongo vikaathirika, na wengine walikufa. Mjamzito naye asinywe mwarobaini kwa namna yoyote.

Nyumba nzima tunajikuna, hasa usiku. Tuogee mwarobaini?

Mkijikuna zaidi ya mmoja, na usiku ndiyo balaa, huo kwa kawaida ni upele. Angalia katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, matakoni, chini ya matiti na sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga angalia viganja, nyayo na kichwa pia. Anayeuleta ni mdudu mdogo sana anayechimba vijia chini ya ngozi na kutaga humo. Hauletwi na uchafu, na hakuna aibu ndani yake. Unaletwa na kulala pamoja, kushikana mikono, kubebana.

Maji ya mwarobaini yatapunguza mwasho. Lakini linalowaangusha watu si aina ya dawa, ni namna ya kuitumia. Mama anampaka mtoto aliyejikuna sana, baba anasema yeye hana kitu, dada aliyekuja kutoka Newala hakuulizwa, na baada ya wiki tatu upele umerudi kwa wote. Kwa anayeupata mara ya kwanza, mwasho huanza wiki 4 hadi 6 baada ya mdudu kuingia. Huyo baba asiye na kitu anao tayari.

Kwa hiyo pakeni wote siku moja, wenye kuwashwa na wasiowashwa. Kituo cha afya au duka la dawa litawapa losheni ya benzili benzoeti, ile watu wanayoiita BBE, au krimu ya permethrini. Paka kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole na chini ya kucha, si pale panapowasha tu. Fuata kipimo ulichopewa, hasa kwa mtoto, na urudie siku uliyoelekezwa kwa sababu mayai yaliyobaki huanguliwa. Shuka, kanga na nguo za siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifunge kwenye mfuko wa plastiki siku tatu nzima, maana mdudu huyu akitoka mwilini mwa mtu hadumu zaidi ya hapo.

Halafu subira. Mwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata wadudu wakishakufa, na hapo ndipo mafuta ya nazi na maji ya mwarobaini yanaponifaa mimi sana. Wengi hudhani dawa imeshindwa, wanapaka BBE kila siku mpaka ngozi inaungua.

Salfa ya kupulizia mikorosho si ndiyo dawa ya upele?

Swali hili la kwetu kabisa, na lina ukweli nusu. Salfa ni dawa ya upele ya tangu kale. Ayurveda inaiita gandhaka, na hospitali bado zinatumia mafuta ya salfa ya asilimia 5 hadi 10, yanayofaa hata kwa mtoto mchanga na mjamzito. Lakini yale ni mafuta yaliyopimwa na kuchanganywa kwa ajili ya ngozi. Unga wa mfuko wa shambani umetengenezwa kuua ubwiriunga kwenye maua ya mkorosho. Hujui umechanganya kiasi gani, na ukiingia machoni au kwenye kifua cha mtoto ni tatizo jingine. Nimeona mapaja ya kijana yamechubuka kwa unga huo uliokorogwa na mafuta ya taa. Ukitaka salfa, nenda kituo cha afya ukaulizie mafuta ya salfa.

Mafuta ya nazi yanafaa kwa kila ngozi?

Hapana, na mimi ninayeyauza ndiye wa kukwambia.

Nianze na yanapofaa. Ngozi kavu ni kama kuta za udongo zilizopasuka: maji yanatoka, vumbi na vijidudu vinaingia. Mafuta ya nazi hujaza zile nyufa. Nchini Ufilipino walifanya utafiti wa watoto 117 wenye pumu ya ngozi, nusu wakapakwa mafuta ya nazi na nusu mafuta ya madini, kwa wiki 8. Waliopakwa mafuta ya nazi walipata nafuu kubwa zaidi.

Ninavyoyatengeneza: nakuna nazi zilizokomaa, nakamua tui zito bila kuongeza maji mengi, naliacha usiku kucha mpaka mtindi upande juu na maji yabaki chini. Asubuhi nauengua ule mtindi, nauweka kwenye sufuria juu ya moto mdogo, nakoroga. Utasikia unalia, kwanza kwa kishindo, kwa sababu ya maji, kisha sauti inapungua mpaka kimya. Kikija kimya, mafuta yamejitenga na mabaki yamegeuka rangi ya dhahabu. Ondoa hapo hapo. Ukisubiri yawe meusi, mafuta yananuka moshi na ngozi ya mtoto haiyapendi. Chuja mara mbili, weka kwenye chupa kavu kabisa. Tone moja la maji ndani ya chupa huyafanya yachache mapema.

Sasa yanapodhuru. Kuna vibaka vyeupe au vya kahawia vinavyotokea shingoni, kifuani na mgongoni, haviumi, na ukivikwangua vinatoa unga mwembamba. Wengine huviita utangotango, wengine mba. Vinaletwa na fangasi wa jamii ya hamira anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu, na chakula chake ni mafuta. Zamani, kabla sijalijua hili, nilimpaka mpwa wangu mafuta ya nazi asubuhi na jioni kwa mwezi mzima nikiamini namsaidia. Vibaka vilishuka kutoka shingoni hadi kiunoni. Bado linaniuma, maana alikuwa binti wa miaka 15 na aliacha kuvaa gauni la shingo pana kwa ajili ya mafuta yangu. Alipona kwa shampuu ya dawa ya fangasi iliyopakwa mgongoni, ikaachwa dakika chache, ikaoshwa, siku kadhaa mfululizo. Rangi ya ngozi ilichukua miezi kurudi, jambo ambalo ni la kawaida. Rangi kuchelewa si dalili kwamba fangasi bado yupo.

Mafuta ya nazi pia si rafiki wa uso wenye chunusi, wala wa mba ya kichwani, kwa sababu ile ile.

Mwanangu ana pumu ya ngozi. Niache sabuni?

Acha sabuni ya mche na sabuni ya unga kwenye ngozi yake. Muogeshe maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi, kwa sabuni laini isiyo na manukato, na sabuni iguse makwapa, mapajani na miguu tu. Mfute kwa kugusagusa, usimsugue na dodoki. Kisha ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu, mpake mafuta: ya nazi, au ya mgando yasiyo na harufu. Mara mbili kwa siku, hata siku ngozi ikiwa nzuri. Nguo zake zisuuzwe mara mbili, na za pamba ndizo bora.

Mafuta ya ufuta ni mazuri pia kwa wengi, ila kuna watoto wenye mzio wa ufuta, kwa hiyo jaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko na usubiri siku mbili.

Sehemu ikivimba, ikawa nyekundu au nyeusi zaidi na mtoto halali, daktari atampa krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa siku chache. Usiiogope ukipewa na mtaalamu kwa kipimo. Iogope ukiinunua mwenyewe na kuipaka miezi.

Choa na mapunye?

Choa, ile duara yenye ukingo ulioinuka na katikati safi, ni fangasi. Mafuta ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki na ya salisiliki, ni ya bei ndogo na yanafanya kazi, ila yasipakwe usoni wala sehemu za siri. Krimu ya klotrimazo inafaa pia. Paka hadi nje kidogo ya ukingo, na uendelee wiki mbili baada ya duara kupotea.

Mapunye ya kichwani ni habari nyingine. Fangasi huyo amejificha ndani ya mzizi wa nywele, ambako mafuta ya juu hayafiki, yawe ya mwarobaini, ya nyonyo au ya dukani. Mtoto anahitaji vidonge, kwa wiki 6 hadi 8. Kila mwaka naletewa watoto waliopakwa maji ya betri kichwani. Yanaunguza ngozi, na nywele za pale zinaweza zisirudi tena.

Na hili naliomba kwa dhati: usinunue ile krimu ya mchanganyiko yenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kwa pamoja. Siku tatu za kwanza mwasho unakoma na unamshukuru muuzaji. Chini yake steroidi inawalaza askari wa ngozi, na fangasi anaenea bila kuonekana, hata ile duara yake inapotea sura daktari asiitambue. India, kwenye asili ya Ayurveda, sasa wanahangaika na fangasi sugu, na matumizi holela ya krimu za namna hii yanatajwa miongoni mwa sababu.

Ndimu je? Na kitunguu saumu?

Ndimu kwenye ngozi kisha jua ni moto. Ina kemikali inayoamshwa na mwanga wa jua, na kesho yake unapata malengelenge, halafu doa jeusi la miezi. Kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa kwenye ngozi usiku mmoja huunguza kama makaa. Vyote viwili viende kwenye mchuzi.

Nimebangua korosho, mikono imechubuka na kuwa myeusi. Nifanye nini?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu huu ndio ugonjwa wa ngozi wa kwetu, na nimeona vitabu vichache vinavyouandikia watu wanaoupata.

Ganda la korosho lina tabaka mbili, na katikati yake kuna kitu kama sifongo kilichojaa mafuta mazito ya kahawia. Mafuta hayo yana asidi ya anakadiki na kadoli, kemikali zinazounguza na pia zinazoamsha mzio. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, ndiyo maana utomvu wa embe bichi huwapa wengine vipele mdomoni. India wana jamaa mwingine wa ukoo huo, bhallataka, na Ayurveda yenyewe inaihesabu sumu mpaka isafishwe kwa hatua nyingi. Anayekuuzia bhallataka ya kupaka, mkatalie.

Unajua inavyokuwa uani msimu ukifika. Bati lililotobolewa juu ya mafiga, korosho zinageuzwa kwa mti mrefu, ghafla mafuta yanashika moto na moshi mweusi unapanda. Zinamwagwa kwenye mchanga, zinafunikwa, zikipoa mama na watoto wanakaa kuzunguka, gongo la mti na jiwe, kila korosho kwa pigo moja la kipimo. Mafuta yanaruka hapo. Yanaingia kati ya kidole gumba na cha shahada, kwanza hayaumi, jioni panakuwa peusi, na baada ya siku mbili tatu ngozi inavuka kama ganda la kitunguu. Moshi wenyewe unaweza kuvimbisha uso na macho.

Kinga ni hii. Glovu nzito zikipatikana, vaa. Zisipopatikana, paka mikono mafuta ya nyonyo au ya kupikia, kisha chovya kwenye majivu makavu, na urudie kila yanapotoka. Wabanguaji wa India nao hufanya hivyo. Kaa upande upepo unakotoka. Usijifute jasho wala kumgusa mtoto mchanga kabla ya kunawa. Usiende haja na mikono hiyo. Wanaume wengi wameniletea shida walizoona haya kuzitaja.

Yakikuingia, maji matupu hayafai, kwa kuwa mafuta hayo hayachanganyiki na maji. Futa kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, tupa kitambaa, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Ikishachubuka, acha kabisa ndimu, chumvi na majivu. Osha kwa maji safi, paka mafuta ya mgando, funika kwa kitambaa kisichoshika kidonda. Utomvu angavu wa mshubiri, ule wa ndani na si maji ya njano yaliyo chini ya ngozi ya jani, hupoza vizuri pale ambapo ngozi haijafunguka. Yakiingia jichoni, mimina maji safi robo saa nzima bila kuacha, kisha hospitali bila kupitia kwangu.

Mtoto ana harara, nimpake mafuta?

Usipake. Harara ni jasho lililozibiwa njia, na mafuta yanaziba zaidi. Hapa kwetu joto la Novemba likikutana na mvua zinazoanza Desemba, watoto wote wanavimba vipele. Mwogeshe maji ya kawaida, mvalishe pamba nyepesi au usimvalishe, mlaze penye upepo. Poda nayo iache, inaingia kifuani.

Manjano na liwa vinaondoa chunusi?

Vinatuliza. Manjano yana kurkumini, inayopunguza uvimbe, na liwa hupoza. Korogea na maji au asali kidogo, kaa nayo dakika kumi, osha. Chunusi za juujuu hupata nafuu. Zile ngumu za ndani zinazoacha mashimo zinataka dawa ya kliniki, na dawa yoyote utakayopewa ipe wiki 6 hadi 8 kabla ya kuihukumu. Usizikamue.

Nimeletewa dawa ya kopo kutoka India, "asilia asilimia mia". Ni salama?

Neno asilia haliniambii kitu. Zebaki ni asilia pia. Ndani ya Ayurveda kuna tawi linaloitwa rasa shastra, linalochanganya mimea na madini, zikiwemo zebaki na risasi. Mwaka 2008 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha uchunguzi wa dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti: moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Kwa hiyo vidonge na unga wa kumeza wa "kusafisha damu" bila nembo, bila orodha ya viambato na bila usajili, mimi sivimezi wala simpi mtu. Uliza kama imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala au na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Mbegu za bakuchi, zinazouzwa kwa wenye mabaka meupe ya kupoteza rangi, hufanya ngozi iungue juani. Kwa jua la Mtwara, hiyo isitumike bila daktari wa ngozi.

Krimu za kung'arisha uso ndizo zinazonihuzunisha zaidi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na bado zinafika. Msichana anaanza na uso unaong'aa, anaishia na ngozi nyembamba, chunusi, mishipa inayoonekana na doa la kijivu shavuni.

Kuna baka limepauka, haliwashi wala haliumi. Niliache?

Usiliache hata wiki moja. Chukua kipande cha pamba, funga macho, mtu akuguse nacho juu ya baka na pembeni yake. Kama kwenye baka husikii, nenda kituo cha afya leo ukachunguzwe ukoma. Bado upo, kusini nako. Dawa ni bure, ya miezi 6 au 12, na ukianza mapema mkono na mguu vinabaki vizima. Muda mfupi tu baada ya kuanza dawa mtu haambukizi tena, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga. Mwarobaini hauui ukoma.

Mama ana matende, mguu unanuka na kutoa maji kwenye mikunjo.

Mwoshe kila siku kwa sabuni ya kawaida na maji safi, kila mkunjo na kila kidole, umkaushe kwa kitambaa laini mpaka pakauke kabisa, akikaa mguu uinuliwe. Hicho ndicho kinachopunguza vipindi vya homa na uvimbe. Katikati ya vidole kukiwa na fangasi, apake krimu yake. Mafuta yangu kwenye mikunjo hayafai.

Mafuta ya nazi yanamkinga na jua mwenye ualbino?

Hayamkingi. Anahitaji losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi (SPF ni kipimo cha kinga, huandikwa kwenye chupa), kofia pana na mikono mirefu. Losheni ya namna hiyo hutengenezwa Moshi kwa ajili yao. Kidonda chochote cha usoni au sikioni kisichopona kionwe mapema.

Mkanda wa jeshi?

Hospitali, ndani ya siku tatu tangu malengelenge yatokee, kwa kuwa dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi mapema. Ukiwa karibu na jicho, siku hiyo hiyo. Kijana akiupata, apime na VVU.

Ni lini niache dawa za nyumbani nikimbilie hospitali?

Homa ikiambatana na ngozi. Wekundu au joto linaloenea. Usaha kwa mtoto mchanga. Kidonda cha mwenye kisukari, hata kiwe kidogo. Kidonda kilichozidi wiki mbili. Na hasa hili: ukianza dawa mpya ya kumeza, kisha mdomo ukatoka vidonda, macho yakawa mekundu, ngozi ikaanza kuvuka, acha dawa hiyo na uondoke usiku huo huo. Hospitali ya Ligula kwa Mtwara, ya Sokoine kwa Lindi, Ndanda na Nyangao kwa walio njiani, ile iliyo karibu.

Nikipewa krimu ya hospitali, niendelee na mafuta yako?

Kwa pumu ya ngozi, ndiyo. Paka krimu ya dawa kwanza kwenye sehemu iliyovimba, subiri kama nusu saa, kisha mafuta mwili mzima. Kwa fangasi, krimu peke yake mpaka apone. Kwa upele, siku ya BBE usipake kitu kingine. Mafuta yaanze ukishaiosha. Na unapoenda kumwona daktari mwambie kila ulichopaka, na chupa uibebe, hata kama ni yangu.